Ukuta wa Kushika

Bi Pindo alipoambiwa na mwanawe kwamba asiende tena bombani peke yake, alicheka kwanza. Alidhani ni utani. Bomba lenyewe lilikuwa hatua kumi na nne kutoka mlango wa jikoni, ndani ya bustani yake, nyuma ya nyumba yake, nyumba aliyoijenga kwa kukanyaga pedali ya cherehani miaka ishirini na sita. Mtu akatazwe kwenda hatua kumi na nne? Tena akatazwe na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutembea, na alichelewa kweli kweli, mzito kama gunia la chumvi?

Lakini mtoto hakuwa akitania. Alikuwa ameitisha kikao. Tangu ana miaka saba alipenda vikao, hata nyumbani wakambandika jina la Mwenyekiti, na sasa alikuwa mkuu wa idara katika ofisi ya mji mwingine, kwa hiyo ugonjwa wake ulikuwa umepata cheo. Alikaa kwenye kochi la mama yake, dada yake mdogo pembeni akiitikia kila neno, akaanza kusoma ajenda. Mama ameanguka mwezi uliopita karibu na bomba. Presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na daktari amesema kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo ni vyema mama ahamie kwake, ghorofa ya nne, ambako kuna chumba kizuri, kuna mtu wa kumwangalia na kuna televisheni.

"Televisheni ya nini, na mimi sioni?" Bi Pindo akauliza.

"Utasikiliza, mama."

Neno hilo lilimchoma, lakini akalimeza.

Ni kweli macho yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga na kivuli, basi. Mtu akisimama mlangoni alikuwa doa jeusi lenye sauti. Hata hivyo, ndani ya nyumba hakuhitaji macho, maana kila kona aliijua kwa kiganja. Tabu ilikuwa nje, ambako mkono haukuwa na cha kushika. Hatua mbili tatu kwenye uwazi, mwelekeo unapotea, na mtu mzima anaanza kuzunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Ndivyo alivyoanguka siku ile. Hakuwa ameteleza wala hakuwa na kizunguzungu. Alikosa cha kushika tu.

Kwa hiyo aliomba jambo moja. Ajengewe ukuta mfupi. Uanzie mlango wa jikoni, upite bombani, ukate kona kwenye tuta la mboga, uzunguke mlimau na kuishia kwenye benchi lake. Ufike pale kifundo cha mkono kinapoishia mtu akisimama wima, ili kiganja kitembee juu yake kama kinavyotembea juu ya meza. Akiwa na ukuta huo hahitaji mtu wa kumshika. Akishindwa kuutumia, basi, atapanda hiyo ghorofa ya nne bila kutoa chozi.

Mwenyekiti alikubali haraka kuliko mama yake alivyotarajia. "Sawa, mama. Nitakutafutia fundi. Nikija mwisho wa mwezi, ukiweza kwenda bombani na kurudi bila kushikwa na mtu, unabaki. Usipoweza, tunaondoka pamoja."

Wakapeana mikono. Bi Pindo aliamini, kwa sababu huyo alikuwa mwanawe, na mtu akianza kumshuku hata mwanawe atalala wapi?

Fundi alifika Jumatano asubuhi. Mtaani walimwita Timazi, kwa jina la ule uzito wa chuma unaoning'inia kwenye uzi, ambao waashi hupimia kama ukuta umesimama sawasawa. Jina hilo alilipenda. Kuta zake zilikuwa zimenyooka hata watu wa harusi walikuwa wakienda kupigia picha mbele ya kuta hizo, na mwenyewe alikuwa na tabia ya kufumba jicho moja na kuchungulia kuta za watu wengine akitikisa kichwa. Alimwamkia mama kwa adabu, akavua kofia, akauliza hali ya afya. Mpaka hapo hakuwa na kosa.

Bi Pindo alikuwa ameshafanya sehemu yake ya kazi. Wiki nzima iliyopita, jioni binti yake akimshika bega, alitembea njia aitakayo na kuchomeka vijiti ardhini, kila kijiti kimefungwa kipande cha kitambaa, jinsi alivyokuwa akipachika pini kwenye nguo kabla ya kuitia kwenye cherehani. Njia hiyo haikunyooka. Ilikwenda kama miguu yake ilivyozoea kwenda.

"Fuata vijiti," alimwambia fundi. "Pale bombani simamisha tofali moja, lichomoze juu ya mengine. Kwenye tuta la mboga simamisha mawili. Mkono ukigusa, nitajua nimefika wapi. Huu ni ukuta wa kushika, fundi, si wa kutazama."

"Ndiyo, mama."

"Urefu uishie hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono wake. "Njoo upime."

"Nimeshaona, mama."

"Hujapima."

"Jicho langu lina futi ndani yake, mama, usiwe na wasiwasi."

Bi Pindo akarudi jikoni kubandika chai. Presha ilikuwa imechukua macho, lakini masikio iliyaacha yote mawili. Akamsikia fundi nyuma ya nyumba, kwenye simu, akiongea kwa ile sauti ya chini ambayo watu hudhani vipofu hawaisikii.

"Mkuu, salama? Nipo kwa mama hapa. Aisee, mama anataka ukuta wa kupindapinda, kama umejengwa na mlevi. Tena matofali yachomoze juu kama meno mabovu. Watu watanichekaje? ... Ehe. ... Futi moja na nusu, umenyooka, juu tunaacha mfereji wa kupanda maua. ... Nimeelewa, mkuu, nifuate mchoro wako. ... Na mama je? ... Sawa. Nimwitikie tu."

Nimwitikie tu! Birika lilikuwa linachemka na kumwagika juu ya jiko, na Bi Pindo hakulisogeza. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Alishona miaka ishirini na sita. Siku moja baba wa bibi harusi alikuja dukani kwake kueleza shingo ya gauni iwe vipi, mikono iwe vipi, urefu uwe vipi, naye Bi Pindo akamuuliza swali moja tu, gauni atalivaa nani, kisha akamtoa nje na kumwita binti mwenyewe. Hakuwahi kukata kitambaa bila kumpima atakayekivaa, na ndiyo maana pindo zake hazikufumuka na jina likamganda. Leo yeye, akiwa amesimama kwa miguu yake ndani ya nyumba yake, anaitikiwa tu kama mtoto anayeomba mwezi wa angani.

Akatoka mpaka kizingitini.

"Fundi! Huo ukuta ataushika nani?"

Fundi akakohoa. "Mama, usinielewe vibaya. Mimi nimetumwa tu."

"Nimekuuliza ataushika nani."

"Mwanao ndiye aliyenipa kazi, mama. Nikienda kinyume naye nitaonekana mtu wa ajabu."

"Na ukienda kinyume nami utaonekana nini?"

Fundi akarudi kwenye kazi yake. Sururu ilianza kuchimba. Bi Pindo akaingia ndani, akapapasa vitufe vya simu yake, akampigia mwanawe.

"Mama, fundi anajua kazi yake," Mwenyekiti alisema. "Ukikamilika utaupenda sana."

"Sijaomba ukuta wa kupenda. Nimeomba wa kushika."

"Mama, nipo kwenye kikao. Tutaongea." Simu ikakatwa.

Hawakuongea. Alhamisi Bi Pindo alikaa jikoni akisikiliza vijiti vyake vikichomolewa kimoja kimoja. Na kilichomuudhi zaidi, zaidi hata ya kuchomolewa kwenyewe, ni kwamba saa sita fundi alimletea vile vijiti mlangoni, amevifunga pamoja vizuri, vitambaa na vyote. "Mama, hivi vyako nimekukusanyia, visije vikapotea." Kwa upole! Laiti angevitupa jalalani, angalau mtu angejua anagombana na nani.

Jumamosi asubuhi Mwenyekiti akaja na gari. Ukuta ulikuwa umekamilika jana yake jioni, na fundi alikuwepo kukabidhi kazi. Bi Pindo alisikia mlio wa kamera ya simu kabla hajasikia shikamoo. Mwanawe alipiga picha upande huu na upande ule, akisifu, "Fundi, wewe ni kiboko, umenyooka kama umepigwa rula," na fundi akicheka cheko la mtu anayejua thamani yake.

"Haya, mama," Mwenyekiti akasema. "Siku yetu imefika. Bombani na kurudi."

Bi Pindo akasimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuwa anakwenda kuteka maji. Alikuwa anakwenda kutetea nyumba yake. Akanyoosha mkono, mkono ukashika hewa. Akainama, akainama tena, mpaka kiganja kikagusa kitu chini ya goti. Hakikuwa tofali. Ulikuwa udongo wenye maji, na miche ya maua yenye miiba midogo ikamchoma vidoleni.  Akaanza kwenda hivyo hivyo, mgongo umekunjika kama wa mtu anayepalilia, mkono mmoja kwenye matope na mwingine ukipapasa mbele. Alihesabu hatua. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na nne. Bomba halikuwepo. Ukuta uliendelea kunyooka kuelekea kwenye uzio kama hauna habari na bomba wala na mtu, na bomba lilikuwa mahali fulani kushoto, kwenye uwazi ule ule uliomwangusha.

Akasimama, mgongo ukilia, vidole vikichuruzika tope.

"Unaona, mama?" Mwenyekiti alisema taratibu, na utaratibu wake ulikera kuliko matusi. "Tumejenga kama ulivyotaka. Tumejaribu. Hakuna wa kulaumiwa. Nguo zako tutapanga pamoja."

"Samahani, mkuu," fundi akadakia. Heshima ya kazi yake ilikuwa imeguswa. "Ukuta huu hauna kasoro. Mama hajauzoea tu. Ngoja nimwonyeshe."

Na akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Akafumba macho yote mawili, akaenda mlango wa jikoni na kuanza kuufuata ukuta wake mwenyewe. Bi Pindo alizisikia hatua zake. Za kwanza zilikuwa za kujiamini. Zilipofika ya tano zikawa fupi, na pumzi ikasikika, maana tumbo la fundi halikuzoea kuinama. "Aa!" Mwiba. Akaendelea. Alipofika karibu naye akanyoosha mkono kutafuta bomba, akapapasa hewa, akaongeza hatua moja, halafu ya pili, na mara ndoo ikabingirika kwa kelele na fundi mzima akapiga goti kwenye kidimbwi.

Hakuna aliyecheka. Fundi aliisimamisha ndoo kwanza. Aliposimama, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mkuu, wewe uliniambia huu ni ukuta wa kupendezesha uwanja. Ulisema wapangaji wanapenda maua."

"Fundi, hayo tuyaache," Mwenyekiti akasema upesi.

"Wapangaji gani?" Bi Pindo akauliza.

Viatu vya Mwenyekiti vikasikika vikirudi nyuma hatua moja. 

"Fundi, wewe kwanza," Bi Pindo akasema. "Mimi nilikuambia ni ukuta wa nini?"

"Uliniambia ni wa kushika, mama."

"Lini?"

"Jumatano."

"Kabla hujachimba au baada?"

"Kabla, mama." Fundi akafuta matope kwenye suruali. "Uliniambia vizuri kabisa. Nikachukulia ni maneno ya mtu mzima tu. Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo. Kwa hiyo usimtupie mwenzako mzigo wote. Haya, na wewe, Mwenyekiti. Wapangaji gani?"

"Mama, ni familia moja tu, watu wazuri. Waliulizia tu."

"Wanaingia lini?"

Mwenyekiti akasema, "Jumatatu."

"Keshokutwa." Bi Pindo alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja kitu kilichooza. "Uliwaahidi kabla ya kunipa mkono au baada ya kunipa mkono?"

"Mama, elewa nia yangu. Mimi nakuogopea. Ukianguka tena, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Kabla au baada?"

"Kabla," akasema.

Basi hapo Bi Pindo alielewa kila kitu, na akaona aibu kwa niaba ya mwanawe, kwa kuwa mwenyewe hakuonekana kuwa nayo. Ukuta haukuwa umekosewa. Ulijengwa sawasawa kabisa, kwa ajili ya watu wengine. Yeye alipewa mtihani ambao majibu yake yalikwisha kuandikwa, akainamishwa mbele ya watu, akatiwa mikono kwenye tope, na mwisho akaambiwa hakuna wa kulaumiwa. Afadhali wangemburuta tu mpaka kwenye gari. Kuburutwa kuna ukweli ndani yake.

"Wapigie," akasema.

"Nani, mama?"

"Hao watu wazuri. Wapigie sasa hivi, hapa mbele yangu, weka sauti kubwa nisikie. Hati ya nyumba ina jina la nani?"

"Lako, mama."

"Piga."

Fundi alikuwa amesimama kati ya Mwenyekiti na lango, na ingawa hakufanya kitu zaidi ya kusimama, hakusogea pia. Mwenyekiti akapiga. Simu ikaita mara tatu, sauti ya mwanamke ikaitika, sauti changamfu ya mtu aliye katikati ya kufunga mizigo.

"Kaka, habari za asubuhi! Sisi huku tumeshapakia nusu."

"Samahani sana, dada," Mwenyekiti akasema. "Kuna mabadiliko kidogo. Ile nyumba haitawezekana."

"Haitawezekana? Kwa nini? Imekuwaje?"

"Mwambie ukweli," Bi Pindo akasema.

"Ni kwamba... mwenye nyumba hajahama. Hatahama."

Upande wa pili mzigo ukawekwa chini. Halafu yule mwanamke akasema, kwa sauti ya mshangao na wala si ya ugomvi, "Kaka, mbona sikuelewi? Si ulituambia hiyo nyumba iliachwa na marehemu mama yako?"

 Fundi alivua kofia bila kujua anaivua. Mwenyekiti akanong'ona akiwa ameziba simu kwa kiganja, "Mama, walikuwa wanauliza maswali mengi. Kama mwenye nyumba atakuwa anakuja kuwasumbua. Nilisema vile tu ili..."

Bi Pindo alinyoosha mkono wake wenye tope. Hakuunyoosha kwa hasira, alinyoosha kama mtu anayesubiri kupewa kilicho chake, na mwanawe akaiweka simu juu yake.

"Mwanangu, hujambo," alisema Bi Pindo. "Marehemu ndiye anayeongea."

Ilisikika pumzi ikikatika upande wa pili.

"Usiogope. Wewe huna kosa lolote, na pole kwa mizigo uliyoifunga bure. Nimesimama bustanini kwangu, nina njaa, nina hasira, na nina mtoto wa kuongea naye. Nyumba haipangishwi. Siku njema."

Akarudisha simu bila kuuliza ikatwe wapi. Mwenyekiti alianza kusema kitu, mama, nisikilize, mama, lakini hakuna kikao kilichowahi kumfundisha aseme nini baada ya hapo. Bi Pindo alimwacha na maneno yake yaliyokatika, akageuka kule alikokuwa amesimama fundi. 

"Fundi, saruji yako imeshashika?"

"Bado changa, mama. Leo matofali yatatoka mazima. Tukiacha mpaka keshokutwa hayatoki tena."

"Bomoa."

Safari hii fundi hakumtazama mkuu, wala hakutoa simu. Alikwenda kuchukua nyundo na patasi kwenye mfuko wake, akarudi, akasimama mbele ya mama.

"Nianzie wapi, mama?"

"Hapa mlangoni," Bi Pindo akasema. "Na wewe, Mwenyekiti, vua hilo koti. Matofali hayajibebi."